Sailor Moon kwa Anayeanza: Uanzie Wapi, na Kwa Nini Mambo Yanajirudia

Mazungumzo ya anime yakifika kwa Sailor Moon, huzuka maswali yale yale. Mmoja anauliza aanze na ile ya zamani au ile mpya. Mwingine anasema aliangalia sehemu tano akaacha, maana kila mara ni zimwi la aina ile ile na mwanga ule ule. Wa tatu anaapa kwamba majina ya wahusika aliowajua utotoni siyo haya, na kwamba mwisho wa msimu wa kwanza hakufa mtu. Mzazi aliyekaa pembeni naye anataka kujua kama hizo nguvu za mwezi si ushirikina unaoingia nyumbani kupitia kwa watoto. Wote wana haki ya kuuliza. Kazi hii ina zaidi ya miaka thelathini, ina matoleo kadhaa yasiyofanana, na ilitengenezwa kwa utaratibu wa kuangalia televisheni ambao wengi wetu tumeshauacha.

Tuweke maneno sawa kwanza. Anime ni katuni za Kijapani za televisheni na sinema. Manga ni hadithi za michoro zinazochapishwa kwenye majarida, kisha zikakusanywa kuwa vitabu. Anime nyingi huzaliwa humo. Na hadithi za mabinti wa maajabu, ambazo Wajapani huziita mahō shōjo, ni zile ambamo msichana wa kawaida, mara nyingi mwanafunzi, anapata uwezo usio wa kawaida, anauficha kwa wazazi na marafiki, na kuutumia kuwaokoa watu. Mara nyingi ana kifaa cha kumgeuza, ana mnyama anayesema anayemwongoza, na lipo tendo lenyewe la kugeuka, ambalo tutalirudia kwa sababu ndilo linalowashinda wengi.

Watu husema Sailor Moon ndiyo iliyoanzisha hadithi za namna hii. Sivyo. Studio ya Toei ilitoa Sally, mchawi mdogo, mwaka 1966, baada ya tamthilia ya Kimarekani ya Bewitched kupendwa Japani. Mwaka 1969 akaja Akko, anayejigeuza kuwa mtu yeyote kwa kusema na kioo chake. Mwaka 1983 akaja Creamy Mami, mtoto wa miaka kumi anayegeuka kuwa mwimbaji mashuhuri. Hawa walikuwa peke yao, na shida zao kwa kawaida zilikuwa za mtaani na shuleni: rafiki amekasirika, siri inakaribia kufichuka.

Alichofanya Naoko Takeuchi, mchoraji aliyekuwa pia amesomea ufamasia, ni kuwapa mabinti hawa kikosi. Wakati huo Japani ilikuwa na desturi kubwa ya vikosi vya mashujaa watano, kila mmoja na rangi yake, iliyoanza na Gorenger mwaka 1975. Waliokua na Power Rangers wanaijua desturi hiyo bila kujua asili yake, kwani Power Rangers ya 1993 ilitengenezwa kwa kutumia picha za tamthilia ya Kijapani ya jamii hiyo. Takeuchi alikuwa ameanza mwaka 1991 na hadithi ya msichana mmoja, Sailor V. Toei walipotaka kuifanya anime, aliipanua ikawa hadithi ya wasichana watano, na yule wa kwanza akaingizwa kikosini. Manga ikaanza kutoka kwenye jarida la Nakayoshi mwishoni mwa 1991, na anime ikafuata Machi 7, 1992. Neno "Sailor", yaani baharia, linatokana na nguo tu: sare za wasichana wa shule za Japani kwa miongo mingi zimeshonwa kwa mtindo wa mavazi ya mabaharia, zenye kola pana mgongoni. Hakuna meli wala bahari katika jambo hili.

Sasa tuingie ndani. Katika sehemu ya kwanza, Usagi Tsukino, mwenye miaka 14, anachelewa shule. Njiani anamkuta paka mweusi anayeonewa na watoto, paka aliyebandikwa plasta kwenye paji la uso. Anaibandua, na chini yake kuna alama ya mwezi mwandamo. Shuleni anarudishiwa mtihani wa Kiingereza: alama 30. Anaukunjakunja ule mtihani na kuurusha nyuma bila kuangalia, ukampiga kijana mmoja kichwani. Kijana anaufungua, anasoma alama kwa sauti, na kumtania kwa vile vifundo viwili vya nywele zake. Usiku yule paka, Luna, anaingia kwa dirishani, anampa bruchi ya kuvaa kifuani na kumwambia kwamba yeye ni shujaa. Muda mfupi baadaye Usagi anasimama mbele ya zimwi lililojivika sura ya mama wa rafiki yake, anajitambulisha kwa maneno makubwa ya kishujaa, zimwi linamrukia, naye anakaa chini na kulia. Analia kwa sauti hasa, kama mtoto aliyeanguka, mpaka kilio chenyewe kinageuka kuwa silaha.

Hapo pa kulia ndipo pa kutulia na kuangalia vizuri. Shujaa huyu ni mvivu wa kusoma, mwoga, mlafi, na ana machozi ya karibu. Hadithi haimwondolei mambo haya ili astahili kuwa shujaa. Inamwacha nayo kwa muda mrefu sana, na kinachobadilika ni sababu za kulia kwake. Mwanzoni anajililia mwenyewe. Baadaye anawalilia wengine, wakati mwingine hata adui. Kotono Mitsuishi, mwigizaji wa sauti yake, anaupeleka mlio wa Usagi kutoka kitoto hadi uchungu wa mtu mzima taratibu mno, na kwa hiyo nashauri kusikiliza Kijapani na kusoma tafsiri chini ya skrini, hata kama unapendelea kutiwa sauti ya Kiingereza.

Baada ya sehemu ya kwanza huja ya pili, ya tatu, ya nne, na ndipo lalamiko la kurudiarudia linapoanza. Ni kweli, zimejengwa kwa fremu moja. Kuna jambo jipya mjini, watu wananyonywa nguvu, Usagi anagundua, anageuka, anashindwa kidogo, ua waridi linarushwa na kijana aliyevaa kinyago, anashinda. Na kugeuka kwenyewe ni picha zile zile kila mara, wimbo ule ule, mikono ikipinda vile vile.

Sababu ya kwanza ni ya kiwanda. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, na katuni za televisheni za Japani, kwa kubana gharama, mara nyingi huchora takriban 8 tu kwa sekunde, kila mchoro ukikaa kwenye skrini kwa picha tatu. Hata hivyo, sehemu mpya inatakiwa kila wiki. Tukio la nusu dakika likichorwa vizuri mara moja na kuwekwa akiba, wachoraji wanaokoa mamia ya michoro kila wiki, na tukio hilo moja linaweza kupewa urembo ambao sehemu nzima isingeweza kuumudu. Ndiyo maana kugeuka kwa Usagi kunang'aa kuliko kitu kingine chochote kwenye kipindi.

Sababu ya pili ni biashara. Vile vifaa vya kugeukia viliuzwa madukani na kampuni ya Bandai, na tukio la kugeuka lilikuwa pia onyesho la bidhaa. Ukiona Usagi anapata bruchi mpya msimu mpya unapoanza, ujue na dukani ilikuwepo mpya.

Sababu ya tatu huwa haisemwi sana, nayo inaeleza mengi. Nakayoshi ni jarida la kila mwezi, lakini anime ilikwenda hewani kila wiki. Kwa kila sura moja ya Takeuchi, televisheni ilihitaji sehemu nne. Waandishi wa Toei walilazimika kujaza, na kujaza huko ndiko wengi hukuita maji ya kuongeza mchuzi. Mimi siafiki kwamba yote ni maji.

Fikiria ngano zinavyotambwa. Binti anakutana na zimwi, na mtambaji anaimba. Akikutana nalo tena, wimbo unarudi. Akikutana nalo mara ya tatu, watoto wote wameshaushika na wanaitikia kabla mtambaji hajafungua kinywa. Hakuna anayelalamika kwamba ameshausikia. Wimbo ndio unaowaambia hadithi imefika wapi, na siku ubeti ukibadilika neno moja tu, kila aliyekaa pale anashtuka, kwa sababu aliuzoea ulivyokuwa. Kugeuka kwa Usagi hufanya kazi hiyo hiyo. Watoto wa Japani waliliona mara moja kwa wiki, Jumamosi saa moja jioni, wakalisubiri, wakaliigiza sebuleni. Ukiangalia sehemu sita kwa mkupuo usiku kwenye simu, unausikia wimbo mara sita bila ngano kati yake. Angalia moja au mbili kwa siku, na uache tukio la kugeuka lipite lote bila kulirusha.

Tena, chini ya fremu hiyo kuna jambo ambalo halijirudii, yaani mlango anaoingilia adui. Katika sehemu za mwanzo adui havamii mji kwa mizinga. Anafungua duka. Anauza vito kwa bei ya chini, kisha anapiga ramli, kisha anaendesha kipindi cha redio cha barua za mapenzi, kisha ana ukumbi wa mazoezi wa kupunguza unene, kisha anaandaa mashindano ya kutafuta nyota wapya. Kila mara watu wanakwenda kwa miguu yao wenyewe, kwa sababu wanataka kitu: urembo, bahati, kupendwa, kuonekana. Japani ya 1992 ilikuwa imetoka tu katika miaka ya fedha nyingi na matumizi makubwa, na mambo yameanza kuanguka. Aliyekua wakati huo asingekosa kuona kinachosemwa.

Sehemu ya 8 ndiyo ninayowapa watu wakiniuliza ladha ya mfululizo huu. Adui amefungua kituo cha tuisheni. Mwanafunzi bora wa shule, Ami Mizuno, anakwenda huko kila siku, anasoma kwa kompyuta, hana rafiki hata mmoja, na Luna anamshuku kuwa ni adui kwa sababu alama zake zinatisha. Ukweli ni kwamba ni mtoto mpweke ambaye watu wazima wote wanamsifu na hakuna anayecheza naye. Usagi, yule wa alama 30, anamwendea na kumsemesha kwa urahisi kabisa, kana kwamba wamejuana siku nyingi. Yeyote aliyepitia darasa la nne au kidato cha nne huku kwetu, na tuisheni za asubuhi na jioni, atajua simanzi iliyomo, na ataelewa kwa nini Ami anakuwa mwenzake wa kwanza.

Wenzake wengine wanakuja polepole. Rei katika sehemu ya 10, Makoto katika ya 25, Minako katika ya 33. Wengi hawajui hili. Wanaona picha ya wasichana watano kwenye jalada, wanawasubiri, wanachoka. Kikosi hakitimii mpaka theluthi mbili za msimu zimepita, na kila anayeingia anaingia kwa upweke wake.

Jambo dogo linalowachanganya wapenda sayansi: kwa nini Sailor Mercury, yaani Ami akishageuka, wa sayari ya Utaridi iliyo karibu na jua, anapigana kwa maji na ukungu? Kwa sababu katika elimu ya kale ya Wachina, ambayo Wajapani waliipokea, kila sayari ina asili yake: Utaridi ni maji, Mirihi ni moto, Mshtarii ni mti, Zuhura ni madini. Ukilijua hilo, moto wa Rei, aliye wa Mirihi, na mimea inayomhusu Makoto, aliye wa Mshtarii, vinaeleweka, ingawa Makoto ana radi pia.

Turudi kwa yule anayeapa kwamba majina ni tofauti na kwamba hakufa mtu. Anasema kweli kwa alichokiona. Kampuni ya DIC ilipoitia Kiingereza kwa ajili ya Marekani Kaskazini mwaka 1995, Usagi aliitwa Serena, Mamoru, yule kijana aliyepigwa na mtihani kichwani, akaitwa Darien, na alama za Ujapani zikafichwa. Misimu miwili ya kwanza yenye sehemu 89 ikapunguzwa hadi 82. Sehemu mbili za mwisho za msimu wa kwanza zilibanwa zikawa moja, na vifo vikaelezwa kuwa ni kutekwa tu. Mistari ya miili katika tukio la kugeuka ilifutwa. Baadaye, msimu wa tatu ulipotafsiriwa, Haruka na Michiru, mashujaa wawili wa kike ambao katika hadithi asilia ni wapenzi, waligeuzwa kuwa binamu. Msimu wa tano haukupewa Kiingereza kabisa wakati huo. Mwaka 2014 kampuni ya Viz Media ilianza kutoa upya sehemu zote 200, majina yakiwa yale ya asili na bila kukatwa. Hilo ndilo toleo la kutafuta. Ukisikia mtu anaitwa Serena, umeshika lile la zamani.

Mwaka huo huo wa 2014 ilianza Sailor Moon Crystal, na ndipo swali la "ipi kwanza" linapotoka. Crystal siyo mwendelezo. Ni hadithi ile ile imesimuliwa upya kwa kuifuata manga kwa karibu. Yale yanayochukua sehemu 46 katika anime ya 1992, Crystal inayamaliza kwa 14, na kikosi kimeshatimia katika sehemu ya 8. Ina sehemu 39 kwa jumla, kisha hadithi ikaendelezwa kwa filamu za Eternal za 2021 na Cosmos za 2023. Asiye na muda ataipenda. Mimi bado namwelekeza mgeni kwa ile ya 1992, kwa sababu mbio za Crystal zinaacha nje vitu vinavyofanya uwajali wasichana hawa: safari za basi, mitihani iliyofeliwa, ugomvi wa Usagi na Rei usio na mshindi, anga za usiku za Tokyo zilizopakwa waridi na zambarau kwa rangi za maji. Crystal inakuambia kwamba wanapendana. Ile ya zamani inakuonyesha wakizoeana.

Kwa mzazi, nijibu bila kuzungukazunguka. Manga yake ilikuwa kwenye jarida la wasichana wa shule ya msingi na mwanzo wa sekondari, lakini hiyo haina maana kwamba yote ni ya mtoto wa miaka mitano. Kuna vifo, kuna huzuni nzito, na katika tukio la kugeuka mwili wa msichana huonekana kama kivuli cha mwanga kisicho na nguo kwa muda mfupi. Kuhusu ushirikina: nguvu za Usagi zinatokana na hadithi ya kubuni kuhusu ufalme wa kale mwezini, na hakuna kafara wala kuita mizimu. Upande wa Rei ni tofauti kidogo. Yeye anaishi na babu yake kwenye hekalu la Shinto, anatumia karatasi za maombi na kukaa mbele ya moto kuona yajayo, na hayo ni sehemu ya dini halisi ya Japani. Kila nyumba itaamua yenyewe, ila iamue ikijua kilichomo. Keti na mtoto uangalie sehemu ya 10, inayomtambulisha Rei. Baada ya hapo utakuwa na msimamo wako.

Dhana nyingine inayotembea sana ni kwamba hadithi za mabinti wa maajabu zilikuwa tamu na nyepesi mpaka Madoka Magica ilipokuja mwaka 2011 na kuzitia giza. Katika Minky Momo, iliyoanza 1982, binti mwenyewe anagongwa na lori na kufa kabla mfululizo haujaisha. Na katika Sailor Moon, sehemu ya 24 inafunga mapenzi ya ajabu kati ya mmoja wa maadui wakuu na rafiki wa Usagi kwa namna ambayo watoto wa 1992 hawakuitarajia. Nitaishia hapo kuisimulia. Hiyo ndiyo sehemu ya kupimia: ukiifikia kwa mpangilio, bila kuruka, na bado moyo haujaguswa, basi kazi hii haikufai na unaweza kuiacha kwa amani. Ikikugusa, endelea mpaka ya 45 na ya 46, ambapo utaratibu wote uliouzoea unavunjwa, na uzito wake utaupata kwa sababu uliuzoea.

Baada ya hapo unaweza kupumua. Sehemu 13 za mwanzo wa msimu wa pili, 47 hadi 59, hazimo katika manga. Zilitungwa ili Takeuchi apate nafasi ya kusonga mbele, na ukizipita hutapoteza uzi. Msimu wa tatu, unaoitwa S, ndio ninaouona bora kuliko yote, chini ya mwongozaji Kunihiko Ikuhara. Wa nne unalegea, na watazamaji wengi huutazama kwa kuchagua. Wa tano una mwisho mzuri ikiwa umefika huko ukiwa na hamu. Ukitaka kitu kingine cha jamii hii kwa mtoto mdogo, Cardcaptor Sakura ya 1998 ina sehemu 70 na haina ukatili. Sakura anakusanya kadi alizozifungulia mwenyewe kwa bahati mbaya. Madoka, yenye sehemu 12 tu, iache mwisho. Inabishana na hadithi hizi zote, na ubishi hauna ladha kwa asiyesikia upande wa kwanza.